Upande Mchafu, Upande Safi

Waulize wenye magari ya zamani ya dizeli ni kitu gani kinachoua injini, wengi watakutajia oili iliyochoka au rejeta iliyotoboka. Wapelekee swali hilohilo mafundi wa pampu na nozeli, wale wanaofanya kazi katika vyumba vilivyofungwa madirisha ili vumbi lisiingie, nao watakuelekeza kwenye mafuta. Pampu nyingi zinazofika mezani kwao hazikuzeeka. Zimekwaruzwa na mchanga laini, zimeliwa na kutu, au zimekunywa maji. Kilichotakiwa kuyazuia hayo yote ni kopo moja la bati linaloenea mkononi, lenye karatasi iliyokunjwa marinda ndani yake.

Hiyo ndiyo filta ya dizeli. Kuibadilisha ni kazi ambayo kwenye gereji hupewa kijana aliyeanza juzi, na mwenye gari haoni sababu ya kusimama karibu. Mimi nimesimama na kutazama mara nyingi, kwenye gereji za barabarani na kwenye nyua za watu, na nimefikia kuamini kwamba hakuna kazi chini ya boneti inayomtenga upesi fundi na mfungua nati. Inataka zana chache, nguvu kidogo, na nidhamu ambayo hakuna atakayekuja kuikagua.

Mikono ninayopenda kuitazama kuliko yote ni ya mzee mmoja wa Arusha, dereva mstaafu aliyezungusha watalii Serengeti na Ngorongoro miaka mingi. Uani kwake limesimama Land Cruiser la toleo la 80, shangingi la miaka ya 90 lililowahi kubeba wakubwa kabla hajalinunua mnadani. Injini yake ni 1HZ: silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa lita 4.2, haina turbo wala kompyuta ya kupanga mafuta yaingie lini. Toyota walianza kuitumia mwaka 1990, na mjini Arusha bado unaisikia ikinguruma kila upande, kwa kuwa imo katika magari mengi ya safari, yale ya mkonga. Pampu yake inazungushwa na mkanda wa taimingi, mafuta yanapimwa kwa vyuma na springi, na karibu kila kinachoweza kuharibika kinafikiwa kwa spana ya kawaida.

Ili kuielewa kazi ya mzee, inabidi kwanza kuielewa hofu yake. Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata joto la kutosha kuyachoma mafuta yenyewe, na kazi inayobaki ni kuyaingiza mafuta hayo kwa wakati wake, kwa kipimo chake, na kwa msukumo wa kuyafanya ukungu. Rudolf Diesel alipofanikiwa kuendesha injini yake huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, mafuta yalipulizwa ndani kwa hewa iliyoshindiliwa na mtambo mkubwa wa pembeni, na mtambo wa namna hiyo haungeweza kubebwa na gari. Njia ilifunguka pale kiwanda cha Robert Bosch kilipoanza kutoa kwa wingi, mwaka 1927, pampu ndogo inayoyasukuma mafuta yenyewe bila msaada wa hewa. Tangu hapo uhai wa dizeli umekuwa katika usahihi wa chuma kinachoteleza ndani ya chuma.

Usahihi huo ni wa kutisha. Nafasi iliyopo kati ya pistoni ndogo ya pampu na nyumba yake ni maikroni chache tu, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70. Tena pampu ya aina iliyo kwenye 1HZ haina oili yake: inalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake. Mafuta yakija na chembe ngumu, chembe hiyo inaingia pale penye nafasi ya maikroni chache na kuanza kusaga. Yakija na maji, chuma kinakosa kilainishi na kutu inapata makazi.

Kwa hiyo uchafu unaoiua pampu ni mdogo kuliko uwezo wa jicho. Fundi wa breki anaiona pedi iliyokwisha. Fundi wa oili anaiona oili iliyogeuka lami. Anayebadilisha filta ya dizeli anaweza kuangalia chuma kinachong'aa kwa usafi kumbe kimebeba chembe za kutosha kuharibu nozeli. Jicho halimsaidii. Kinachomsaidia ni mpangilio: kipi kinatangulia, kipi kinafuata, mkono upi unagusa nini.

Ichukue filta mpya uigeuze utazame juu yake. Katikati kuna tundu kubwa lenye hesi, na kulizunguka kuna matundu madogo. Mafuta kutoka tangini huingia kwa matundu madogo, hupenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha hutokea kwa tundu la katikati na kuelekea kwenye pampu. Nje ya karatasi ni upande mchafu. Ndani ya karatasi ni upande safi. Kutoka hapo mpaka ncha ya nozeli hakuna tena kizuizi cha maana.

Siku zote ukuta huo wa karatasi upo kazini, isipokuwa siku moja: siku ya kuubadilisha. Kwa dakika chache njia ya kwenda kwenye pampu inabaki wazi, ikitazamana na vumbi la uani, na mikono, na matambara, na jasho. Kazi iliyokusudiwa kuilinda pampu inaweza kuichafua kwa dakika hizo kuliko safari ya mwaka mzima. Ukishalifahamu hilo, kila anachokifanya mzee kinapata maana, hata kile kinachoonekana kuwa ushamba.

Anaanza asubuhi mapema, kabla upepo haujainua vumbi la barabara. Gari limelala usiku kucha pale penye sakafu iliyonyooka, injini imepoa. Anafungua boneti na hagusi spana yoyote. Anachukua mswaki wa zamani, kopo la dizeli safi, na kipande cha shuka kuukuu lililofuliwa mara nyingi hata halitoi tena nyuzinyuzi. Pamba hataki kuiona, kwa kuwa huacha manyoya. Upepo wa kompresa pia hataki, kwa sababu hautoi vumbi, unalihamisha tu. Halafu anaanza kuosha.

Anaosha kichwa cha filta, yaani kile kipande cha chuma kilichofungwa kwenye bodi ya gari, ambacho kopo huning'inia chini yake. Anaosha pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa hicho, anaosha viungio vya mipira ya mafuta, kisha anatumia muda mrefu kwenye mstari mmoja mwembamba: pale kopo linapokutana na kichwa. Miezi ya vumbi na mvuke wa oili imejaza hapo utepe mweusi mgumu. Anauloweka kwa dizeli, anausubiri ulainike, anausugua kwa mswaki, anaufuta, kisha anapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka kopo lote. Ukucha ukikwama mahali, anarudia. Mjukuu wake, kijana wa sekondari anayeshika tochi na kupokea vyombo, aliwahi kumuuliza swali ambalo hata mimi lilikuwa mdomoni.

"Babu, si tunaitupa hii filta?"

"Tunatupa kopo. Kichwa hatutupi."

Jibu zima ni hilo. Kopo likilegea nusu mzunguko, kila kilichokuwa kwenye ule mstari kinadondoka, na baadhi yake kinabaki kwenye midomo ya kichwa, sentimita chache kutoka kwenye njia ya pampu. Ukifungua kwanza na kufuta baadaye, unafuta uchafu kuelekea ndani. Mzee akimaliza kuosha hunawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, hubadilisha kitambaa, na hapo ndipo kazi ambayo wengine huiita kazi inapoanza.

Chini ya filta kuna koki ndogo ya kutolea maji. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo huzama na kukaa kitako cha kopo. Mzee anatandika tambara juu ya mipira na nyaya zilizo chini, maana dizeli huilainisha mipira na kuiharibu, kisha anaweka chupa ya kioo chini ya koki na kuifungua taratibu. Chupa ya kioo ni muhimu. Kwenye beseni asingeona kitu. Anaiacha chupa juu ya ukuta, mahali pasipotikisika. Baada ya muda kilichokuwa kimiminika kimoja cha rangi ya chai kinajigawa. Chini kunakuwa na vitone vya maji vilivyoviringana, vinavyotembea kitakoni ukiinamisha chupa, na pale maji yanapopakana na dizeli kuna utando mwembamba wa rangi ya kijivu. Utando huo unaweza kuwa wa viumbe hai: vijidudu na kuvu vinavyoishi kwenye mpaka wa maji na mafuta, vikila dizeli na kuacha ute. Bila maji haviwezi kuishi, na ndiyo maana mzee hupenda kujaza tangi jioni. Tangi lililo nusu hubaki na nafasi ya hewa yenye unyevu, na usiku wa baridi wa Arusha huugeuza unyevu huo kuwa matone.

Kisha anachomoa waya wa kihisio cha maji. Plastiki iliyokaa jirani na joto la injini kwa miaka thelathini huvunjika kwa kuguswa vibaya, kwa hiyo anabonyeza kilimi chake kwa kidole, hatumii bisibisi. Sasa ni kulegeza kopo. Gereji nyingi zina mnyororo au mkanda maalumu. Wengine hupigilia bisibisi kwenye kopo mpaka ikatokea upande wa pili, wakapata mpini wa kuzungushia. Inafanya kazi, lakini inamwaga mafuta na kuacha vipande vya bati mahali ambapo havitakiwi. Mzee ana utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Anauzungusha juu ya kopo mara kadhaa kwa kuuvuta, anaukaza, kisha anageuza kinyume cha saa huku kiganja cha pili kikiwa chini, maana kopo bado lina mafuta. Linalegea bila kelele. Anazungusha mizunguko ya mwisho kwa vidole na kulishusha likiwa wima.

Wala hakimbilii filta mpya. Anamwita mjukuu na tochi, wanainama wote wawili kutazama chini ya kichwa. Wanachotafuta ni mpira wa duara wa filta ya zamani. Mara nyingine kopo hutoka lakini mpira hubaki umeng'ang'ania kichwani, na rangi yake nyeusi huufanya usionekane. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira miwili inakaa pamoja, haishiki vizuri, na gari linakuwa na ugonjwa ambao fundi anaweza kuutafuta wiki nzima. Mzee anauonyesha mpira uliotoka na kopo, anauhesabu kwa sauti: "Mmoja." Ndipo anafuta midomo ya kichwa, kutoka katikati kwenda nje, kitambaa kikipita mara moja tu kila upande wake.

Kihisio kilichojifunga kwenye kitako cha filta ya zamani hakitupwi. Kinahamia kwenye mpya. Ndani yake kuna boya dogo ambalo limefanywa kwa akili ya ajabu: ni zito kuliko dizeli na ni jepesi kuliko maji. Kopo likiwa na dizeli tupu, boya linalala chini. Maji yakiongezeka, yanaliinua, na likifika kimo chake taa ya filta inawaka kwenye dashibodi. Kifaa hiki hakina ujanja wowote zaidi ya tofauti ya uzito wa vimiminika viwili, na kwenye gari la mzee bado kinafanya kazi. Wengi hukivunja kwa kukibana na plaizi kubwa na kukisokota. Mzee hufanya kinyume: anakishikiza kihisio kwa wepesi kwenye jiliwa, kati ya vipande viwili vya mbao, halafu analizungusha kopo. Nguvu inakwenda kwenye bati linalotupwa, na plastiki inakaa kimya. Anakisuuza, anaweka oringi mpya iliyokuja na filta, anaipaka dizeli, na kukifunga kwa mkono.

Filta mpya ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki, na mfuko ulikuwa ndani ya boksi. Aliichunguza dukani siku aliyoinunua, maana spea feki ni nyingi na bei yake inavutia. Alitazama kama mpira wa duara ni laini na unarudi ukibonyezwa, kama hesi zimekatwa safi bila vinyoleo vya chuma, kama bati halina rangi iliyomwagikia ndani ya matundu. Kisha aliirudisha na kuifunga. Inafunguliwa wakati kichwa kiko tayari kuipokea, si kabla.

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa. Vijana wengi wa gereji huijaza filta mpya kwa dizeli kabla ya kuifunga, ili gari liwake upesi. Wana hoja: filta tupu ina hewa, na hewa kwenye njia ya mafuta hairuhusu injini kuwaka. Lakini angalia wanamiminia wapi. Matundu madogo ya pembeni yanameza taratibu na kumwaga nje, kwa hiyo wanamimina katika tundu kubwa la katikati, na tundu hilo ni la upande safi. Dizeli iliyotoka kwenye dumu, ambayo haijapita kwenye karatasi yoyote, inakwenda moja kwa moja kwenye pampu. Mjukuu naye alijaribu siku moja, akashikwa mkono akiwa ameinamisha kopo.

"Mgeni anapokelewa sebuleni," mzee akamwambia. "Chumbani haingii."

Kwa hiyo filta inafungwa ikiwa tupu. Mzee anachovya kidole cha mwisho kwenye dizeli safi na kuupaka mpira wa duara pande zote, ili uteleze wakati wa kukaza badala ya kujikunja. Anaipandisha wima, anaitafutia hesi kwa kuizungusha kwanza kinyume kidogo mpaka asikie zimekaa, halafu anafunga kwa vidole. Mpira unapogusa kichwa, anasimama. Anaweka alama ya chaki kwenye kopo na nyingine kwenye kichwa. Kisha anazungusha robo tatu ya mzunguko kwa kiganja, akiitazama chaki. Utepe wa mpira wa tyubu unabaki begani kwake. Wa kufungulia si wa kufungia.

Jambo hili huwashangaza wanaoamini kwamba kilichokazwa zaidi ndicho kilicho salama. Mpira ukibanwa kupita kiasi hutanuka, hupasuka ukingoni, na siku ya kufungua hugoma. Na kosa hapa lina tabia ya pekee. Kwenye 1HZ hakuna pampu ya tangini inayosukuma mafuta kuja mbele. Pampu kuu ndiyo inayovuta kutoka nyuma ya gari kupitia filta. Injini inapofanya kazi, kopo lile halina msukumo wa kwenda nje. Lina mvuto wa kwenda ndani. Mpira usiposhika vizuri, hutaona tone likidondoka. Hewa ndiyo inayoingia. Usiku mafuta yanarudi tangini polepole, asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka, na chini ya gari pakavu kabisa. Wanaotafuta uvujaji kwa kutafuta unyevu hawaupati.

Inabaki kutoa hewa. Pampu ya mkono juu ya kichwa cha filta ina kifuniko kinachobonyezwa kwa kiganja, na kazi hii ni ya mjukuu. Mibonyezo ya kwanza haina uzito, inatoa tu sauti ya hewa ikikoroma ndani ya mipira. Halafu inaanza kuwa na ubishi kidogo, unalegea, unarudi. Mzee haangalii, anasikiliza huku akifunga makopo yake. Kifuniko kinazidi kuwa kigumu mpaka kinakataa kushuka hata ukikisimamia, na hapo mafuta yamejaa, yote yakiwa yamepita kwenye karatasi. Waya wa kihisio unarudishwa. Mzee anageuza ufunguo, anasubiri taa ya plagi za joto izimike, anapiga stata. Injini inashika, inayumba mara moja, inatulia. Anaiacha ingurume polepole kwa dakika kadhaa kabla ya kuikanyaga, na anaangalia taa ya filta ambayo iliwaka na kuzimika inavyotakiwa.

Ingekataa kuwaka, angelegeza nati za mabomba kwenye nozeli na kupiga stata mpaka mafuta yatokee bila mapovu, kisha akazikaza moja baada ya nyingine. Hapo humsogeza mjukuu nyuma. Nozeli za 1HZ hufunguka kwa shinikizo la karibu bar 150, na mafuta yanayotoka kwa kasi hiyo yanaweza kupenya ngozi na kuingia mwilini. Injini mpya za komoni reli hufanya kazi kwa shinikizo mara kumi ya hilo na zaidi, na mwenye gari la aina hiyo asilegeze bomba lolote injini ikizunguka. Usafi wa kuosha kichwa unamhusu kuliko unavyomhusu mzee. Nati za mabomba hazimhusu.

Wengi wangeishia hapa na kulitupa kopo la zamani. Mzee analikata. Anapitisha msumeno wa chuma chini ya ukingo, anatoa karatasi, anaikata kwa kisu na kuitandaza juu ya sinia ikiwa na marinda yake. Anaisoma. Wekundu wa kutu ni habari za tangi. Ute mweusi ni habari za maji yaliyokaa muda mrefu. Mchanga unaokwaruza kati ya vidole ni habari za dumu au faneli chafu. Enzi za safari alinunua dizeli kwenye mapipa kambini, na alijifunza kwamba pipa lililosimama wima hukusanya mvua juu ya kifuniko. Jua likitoka hewa ya ndani hutanuka na kutoka, usiku hujikunyata na kuvuta maji yale kupitia hesi za kizibo. Tangu hapo pipa lake hulala ubavu.

Lakini karatasi hiyo haisemi kila kitu, na mzee ni wa kwanza kukiri. Filta haichuji mafuta ya taa. Dizeli iliyochakachuliwa hupita kwenye karatasi nzuri kabisa bila kuacha alama, inafika kwenye pampu ikiwa nyepesi kuliko inavyotakiwa, na kuinyima kilainishi. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuyatambua yaliyochanganywa, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Dhidi ya uchafu wa namna hii mikono ya fundi haina la kufanya. Kilichobaki ni kuijua sheli yako. Mzee anaijua yake, na hajazi siku ambayo lori la mafuta linashusha, kwa kuwa mashapo ya matangi ya ardhini yanakuwa yametibuliwa.

Anabadilisha filta kila anapobadilisha oili mara mbili, yaani kila kilomita 10,000 hivi. Kwa gari linalotembea mjini kwenye lami na mafuta mazuri hiyo ni mapema. Kwa barabara zake ni sawa. Kilomita anaziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kopo jipya, ili hata akiuza gari, mnunuzi asiulize.

Kuhusu mjukuu, nilidhani mafunzo yake yangekwenda kama ya gereji: kijana anaanza kwa kuosha, akikomaa anapewa kufunga. Uani pale mambo yako kinyume. Kijana tayari anafunga mwenyewe, robo tatu ya mzunguko, babu akiwa amegeukia kwingine. Kuosha bado anafanya mzee, na ukucha wa mwisho ni wake. Nilipouliza sababu, alinieleza bila kuacha alichokuwa anakifanya. Kosa la kufunga linajitangaza kesho yake asubuhi, gari linapokataa kuwaka; mwenye kosa yupo, analirekebisha, anajifunza. Kosa la kuosha halijitangazi. Linakaa kwenye pampu mwaka mmoja au miwili, na siku linapotokea hakuna anayekumbuka ni asubuhi ipi mswaki ulipita haraka. Kazi ambayo kosa lake halimrudii aliyelifanya, alisema, haifundishiki kwa makosa. Inabidi kijana aitazame ikifanywa vizuri mpaka aichukie ikifanywa vibaya.